Majibu Yaliyotangulia Maswali

Imekuwa desturi katika visiwa vyetu kwamba kila yanapotangazwa matokeo ya mtihani wa kidato cha nne, lawama huanza kutupwa huku na huku. Wazazi huwalaumu walimu, walimu huwalaumu wanafunzi kwa uvivu, na wanafunzi hudai kwamba yaliyoulizwa siyo yaliyofundishwa. Maofisa nao huahidi kulishughulikia suala hilo, na baada ya wiki chache kelele hutulia mpaka mwaka unaofuata. Katika kelele zote hizo liko jambo moja lisilosemwa sana, nalo ni kwamba wengi katika watoto wetu wanaoanguka hawakuwa watupu. Waliingia katika chumba cha mtihani wakiwa na mengi vichwani, wakayaandika kurasa kwa kurasa, na wakaanguka kwa sababu waliyoyaandika hayakuwa jawabu la swali waliloulizwa.

Hatusemi hivi kwa kubahatisha. Baraza la Mitihani la Tanzania, lililoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1973, na ambalo ndilo linalowatahini vijana wa kidato cha nne wa Bara na wa Visiwani, hutoa taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, somo kwa somo na swali kwa swali, pamoja na vielelezo vya majibu mazuri na majibu mabaya. Mwenye kuzisoma taarifa hizo atakuta sababu zile zile zikirudi mwaka hata mwaka, katika Historia kama katika Baiolojia, katika Jiografia kama katika Hisabati: mtahiniwa hakutambua swali linataka nini, mtahiniwa hakuimudu lugha ya Kiingereza, mtahiniwa hakuwa na maarifa ya kutosha katika mada iliyoulizwa. Katika sababu tatu hizo, mbili hazihusu kabisa uhaba wa maarifa ya somo lenyewe. Zinahusu kulisoma swali.

Swali la mtihani ni amri. Ndani yake mna kitenzi kinachoagiza kazi, mna mipaka ya mahali na wakati, na mara nyingi mna idadi ya hoja zinazotakiwa pamoja na alama zake. Anayeambiwa ataje hana haja ya kueleza, na anayeambiwa aeleze hawezi kuokoka kwa kutaja. Anayetakiwa alinganishe mambo mawili akasimulia moja kwa kurasa mbili, na la pili kwa mstari mmoja, amefanya nusu ya kazi hata kama kila alichokiandika ni kweli. Haya ni mambo mepesi kuyasema, na huenda kwa wepesi wake ndiyo maana walimu wengi huyaruka, wakidhani kwamba kijana wa kidato cha nne lazima ayajue.

Tuchukue mfano wa Historia. Tuseme mtahiniwa ameulizwa athari za tufani ya mwaka 1872 katika uchumi wa Zanzibar. Kijana aliyekariri mada nzima ya mikarafuu ataanza na kuletwa kwa zao hilo, ataingia katika habari za Seyyid Said na kuhamishwa kwa makao ya utawala kutoka Maskati, atataja soko la watumwa na kufungwa kwake mwaka 1873, na akichoka atamalizia kwa kusema kwamba mwaka 1872 palitokea tufani kubwa. Yote ni kweli, na msahihishaji hana mahali pa kuweka alama. Swali lilitaka aseme kwamba tufani iling'oa sehemu kubwa ya mikarafuu na minazi ya Unguja ilhali Pemba ilisalimika kwa kiasi kikubwa, na kwamba kutokana na hayo uzito wa kilimo cha karafuu ulihamia Pemba, ambako umebaki mpaka leo. Mjukuu wa mchumaji karafuu wa Wete au Mkoani angeweza kuyasema hayo bila ya kufungua daftari, lau angetambua kwamba ndiyo anayoulizwa.

Jiografia ni hivyo hivyo. Mtoto wa pwani anajua maji makubwa na maji mafu kabla ya kujua kusoma. Anajua kwamba mama yake huwahi shamba la mwani siku za bamvu kwa sababu ndipo bahari inapokauka mbali, na anajua kwamba siku hizo huja mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu. Kilichobaki kwa skuli ni kumweleza kwamba katika nyakati hizo mbili jua, mwezi na dunia hujipanga katika mstari mmoja, mvuto wa jua ukaongezeka juu ya mvuto wa mwezi, na kwamba mwezi ukiwa nusu mivuto hiyo hukingamana, ndiyo maana maji huwa mafu. Lakini mtoto huyo huyo akilikuta swali hilo kwa Kiingereza huona neno la bamvu limeandikwa sawa na neno la chemchemi, na tena sawa na jina la msimu mmoja wa nchi za baridi. Huandika habari za chemchemi. Msahihishaji akiwa hajui chanzo cha kosa hilo husema mtoto ni mjinga.

Liko pia neno jingine la Kiingereza ambalo katika karatasi za Historia na Jiografia hutaka mtahiniwa atoe sababu, lakini mwanafunzi aliyelikuta kwanza katika somo la biashara hulidhania kuwa ni la mahesabu. Neno moja tu, na alama za swali zima zimekwenda na maji.

Tukija kwenye sayansi, hali inasikitisha zaidi, kwa sababu visiwa hivi ni maabara ambayo haikuhitaji msaada wa mfadhili yeyote. Nyumba za Mji Mkongwe zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa iliyochomwa hapa hapa. Mchoma chokaa anajua kwamba jiwe likitoka katika moto huwa jepesi kuliko lilivyoingia, na kwamba ukilimwagia maji hutoa joto kali na kupasuka kuwa unga. Kemia inamwambia sababu: jiwe limetoa hewa ya ukaa iliyokuwamo ndani yake, na katika kila kilo 100 za jiwe safi la chokaa, kilo 44 hupotea hewani na kilo 56 hubaki. Chokaa hiyo ikichanganywa na maji na kupakwa ukutani huivuta tena hewa ya ukaa kidogo kidogo, miezi na miaka, ikarudi kuwa jiwe. Hapa pana mada ya kuvunjika kwa kemikali kwa joto, pana mahesabu ya uzito, pana sababu ya ukuta wa zamani kuwa mgumu kuliko ulivyokuwa siku ya kujengwa. Mwanafunzi aliyefundishwa hivyo, ukimwuliza kwa nini jiwe lililochomwa limepungua uzito, hatababaika. Mwanafunzi aliyekariri mstari wa alama za kemikali bila ya kuliona jiwe atauandika mstari huo mahali popote panapotajwa chokaa, hata kama ameulizwa jambo jingine kabisa.

Vivyo hivyo samaki anayetiwa chumvi hutoka maji kwa kanuni ile ile ambayo kitabu cha Baiolojia huieleza kwa kipande cha kiazi, na jahazi linalotoka mto Pangani na kuingia baharini huinuka kidogo, kwa kuwa lita 1,000 za maji matamu zina uzito wa kilo 1,000, na za maji ya bahari zinafika kilo 1,025 hivi. Manahodha hawakusoma Fizikia, lakini walipakia vyombo wakilijua hilo.

Katika Hisabati tunataka tusimame kidogo. Watoto wetu karibu wote hupitia chuoni, na wengi wao wamewahi kusikia, nyumbani au msikitini, namna mirathi inavyogawanywa. Tuseme mtu amefariki, madeni yake yamelipwa, na ameacha mikarafuu 32, mke mmoja, mtoto mmoja wa kiume na wawili wa kike. Mke, kwa kuwa wako watoto, ana thumni, yaani sehemu moja katika nane: miti 4. Iliyobaki ni miti 28, nayo hugawanywa kwa watoto, mwanamume akipata mafungu mawili kwa kila fungu moja la mwanamke. Mafungu ni manne, kila fungu miti 7. Kwa hiyo mwanamume ana miti 14 na kila binti ana miti 7. Jumlisha 4, 14, 7 na 7, utarudi kwenye 32. Sasa mpe kijana wa kidato cha pili swali hilo limeandikwa kwa Kiingereza, katikati ya ukurasa wa visehemu, na umwangalie. Atatafuta kanuni. Asiposoma kwa makini lile neno linalosema "iliyobaki" atagawa miti yote 32 kwa mafungu manne, mwanamume apate 16 na mabinti 8 kila mmoja, na mama mjane asipate hata mti mmoja. Katika mtihani kosa hilo ni la alama chache. Katika shamba ni ugomvi wa vizazi viwili.

Wako watakaosema kwamba lawama yote ni ya kukariri, na kwamba kukariri tumekurithi chuoni. Hatukubaliani nao. Aliyehifadhi juzuu amejifunza subira na nidhamu ambayo darasa zetu za leo zinaihitaji sana, na hakuna fani yoyote, si tiba wala sheria, isiyokuwa na mambo ya kuwekwa moyoni. Tena chuo chenyewe hakikuishia katika kuhifadhi. Mwanafunzi aliyehitimu kusoma alikwenda kukaa mbele ya sheikh katika darasa, na huko kazi ilikuwa kuuliza na kuulizwa, neno lina maana gani, hukumu hii inahusu hali ipi na haihusu ipi. Wenye kuusingizia urithi huo wameuona mlango wa kwanza tu wa nyumba. Tulichokifanya katika skuli zetu ni kuchukua kuhifadhi na kuliacha darasa.

Na pengo hilo halikubaki tupu, limezibwa na biashara. Vimezagaa vijitabu vya maswali ya miaka iliyopita pamoja na majibu yake, vingine vimeandikwa na walimu wenye ujuzi na vingine hatujui vimeandikwa na nani. Ziko tuisheni za asubuhi, za jioni na za siku za mapumziko ambazo kazi yake ni kusomesha majibu, siyo somo. Siku hizi imeongezeka simu ya mkononi, na ndani yake mashine za akili mnemba ambazo ukiziuliza swali la somo lolote hukuletea jawabu refu, limepangika, na mara nyingine lina makosa ambayo mtoto hana uwezo wa kuyagundua. Hatutaki kuwa miongoni mwa wanaokilaani kila chombo kipya kinachoteremka bandarini. Kitabu cha maswali kikitumiwa vizuri, mwanafunzi akajaribu kwanza kwa kalamu yake kisha akajisahihisha, ni mwalimu mwema, na mashine hizo nazo zinaweza kuwa na faida ya namna hiyo. Tunachokataa ni mtoto kulipokea jawabu kabla hajaumwa na swali. Jawabu la namna hiyo halikai, na likikaa hutoka siku lisipotakiwa.

Ieleweke pia kwamba jambo hili lina upande wa haki. Tarehe 23 Septemba 1964, miezi minane tu baada ya Mapinduzi, Mzee Abeid Amani Karume alitangaza elimu bila malipo, ili mtoto wa mkulima wa Micheweni akae benchi moja na mtoto wa mwenye duka wa Darajani. Leo mtoto wa mwenye uwezo ananunuliwa majibu, na mtoto wa mvuvi anategemea kile alichokipata darasani. Ikiwa alichokipata darasani hakitoshi kumwezesha kulisoma swali, basi mzazi anayelipa tuisheni analipia kwa mlango wa nyuma elimu ile ile iliyotangazwa kuwa haina malipo, na asiyeweza kulipa amefungiwa mlango. Mwalimu Julius Nyerere naye, katika maandiko yake ya Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967, alilalamika kwamba mitihani ilipima uwezo wa kukumbuka mambo na kuyatoa kwa wakati uliowekwa, na haikufaulu kila mara kupima uwezo wa kufikiri. Zaidi ya nusu karne imepita. Mitihani imebadilika kwa kiasi fulani, maswali mengi sasa yanataka fikra. Lakini ufundishaji umebaki pale pale, ukimwandaa kijana kwa mtihani wa enzi ile.

Wala tusijifanye tumesahau matokeo ya mtihani wa mwaka 2012, yaliyotangazwa Februari 2013, ambapo zaidi ya nusu ya watahiniwa nchini walipata daraja sifuri. Tume iliundwa, na mwezi wa Mei mwaka huo Serikali ikaagiza matokeo yapangwe upya. Kupanga upya kulipunguza idadi ya walioanguka. Hakukumwongezea hata kijana mmoja uwezo wa kuelewa alichoulizwa.

Suala la lugha halikwepeki, ijapokuwa wako wanaopenda tulikwepe. Kiunguja ndicho kilichochaguliwa katika mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 kuwa msingi wa Kiswahili sanifu kinachofundishwa Afrika Mashariki nzima. Watoto wa lugha hiyo hiyo, wakiingia sekondari, isipokuwa katika Kiswahili, Kiarabu na masomo ya dini, huulizwa na hutakiwa kujibu kwa Kiingereza, lugha ambayo wengi hawaisikii tena baada ya kengele ya kutokea. Sera ya Elimu ya Zanzibar ya mwaka 2006 iliagiza Hisabati na Sayansi zifundishwe kwa Kiingereza tangu darasa la tano, kwa matumaini kwamba mtoto angefika sekondari akiwa amezoea. Kuhusu kama lugha ya mitihani ibadilishwe au isibadilishwe, mjadala huo ni mkubwa na una wenyewe. Sisi tunalosema leo ni dogo zaidi na linawezekana kesho asubuhi: madhali swali litaulizwa kwa Kiingereza, mwanafunzi afundishwe kwa makusudi maneno ya maswali, si maneno ya somo peke yake, na mwalimu asione fedheha kulijadili swali kwa Kiswahili na darasa lake kabla ya kudai jawabu kwa Kiingereza. Mwalimu anayemkataza mtoto kufikiri kwa lugha yake hamfunzi Kiingereza kwa kufanya hivyo. Anamfunza kunyamaza.

Kwa wanafunzi wenyewe tunapenda kuwaambia maneno machache ya kazi. Ukipewa karatasi, weka kalamu chini kwanza. Lisome swali mara mbili, pigia mstari kitenzi kinachokuamuru, kisha pigia mstari mipaka: ni wapi, ni lini, ni hoja ngapi. Tazama alama, kwani hizo ndizo zitakazokwambia urefu wa jawabu. Swali la alama mbili halidai ukurasa. Katika Hisabati na Fizikia onyesha kila hatua, kwa sababu aliyekosea mwishoni lakini njia yake ni sawa hupata sehemu ya alama, na aliyeandika tarakimu moja bila ya njia, akikosea, hapati kitu. Ukimaliza, rudi usome swali tena na ujiulize kama mtu asiyeliona swali, akisoma jawabu lako peke yake, angeweza kukisia limeulizwa nini.

Kwa wazazi tuna neno moja. Msimpime mtoto kwa wingi wa madaftari aliyoyajaza. Mwulizeni akueleze alichosoma kwa Kiswahili, jioni, wakati wa chai. Mzazi asiyejua kusoma anaweza kuifanya kazi hiyo sawasawa na profesa, kwa sababu anachotakiwa ni kusikiliza tu na kusema "sijaelewa, nieleze tena".

Neno kubwa ni kwa Wizara ya Elimu na Mafunzo ya Amali, na kwa wakaguzi wake wa Unguja na Pemba. Zile taarifa za uchambuzi wa majibu, ambazo gharama yake imekwisha kulipwa na umma, zifasiriwe kwa Kiswahili katika sehemu zake muhimu na zifikishwe katika kila skuli ya sekondari, kuanzia Makunduchi mpaka Konde. Mkaguzi anapofika skulini asiridhike kukagua maandalio ya masomo na idadi ya vipindi. Aombe kuona maswali ambayo mwalimu amewauliza wanafunzi wake katika wiki mbili zilizopita, na ayapime kama ni ya kutaja tu au yana jambo la kufikiri. Baraza la Mitihani la Zanzibar, linalosimamia mtihani wa kidato cha pili, lina nafasi nzuri zaidi kuliko chombo kingine chochote, kwani kijana aliyezoeshwa maswali ya kufikiri katika kidato cha pili ana miaka miwili mbele yake ya kujirekebisha, na aliyeyakuta mara ya kwanza Novemba ya kidato cha nne hana hata siku mbili. Walimu wakuu nao watenge kikao kimoja kila muhula ambacho hakitazungumzia michango, uzio wala sare, ila majibu ya wanafunzi wao: walioandika nini, walikuwa wameulizwa nini, na walipotea wapi. Tunashauri vikao hivyo vianze na Hisabati, somo ambalo kwa miaka mingi limekuwa likishika mkia kwa idadi ya wanaofaulu katika mtihani wa kidato cha nne, na walimu wa masomo mengine wakaribishwe kukaa na kusikiliza.